Kokoto za Matar

Michenzani, 4 Machi 1971

Mwanangu Mwanakheir,

Salamu. Mie mzima, kifua tu kwa vumbi la saruji. Udaktari unausomaje huko Dar?

Nnaandika kwa ajili ya kaka yako Matar. Anakimbia. Toka khitma ya arubaini ya mama yenu hajapumzika hata siku moja. Alfajiri anazunguka majumba tunayoyajenga, jioni tena. Ana homa, anakimbia. Juzi nlifunga mlango, mikono ikamtetemeka kama mlevi. Watu wanamsifu. Fundi wetu Mkadam kanambia, "Jecha, mwanao anafukuzwa na nani?" Nikamwambia, "Mngoje apite umuulize."

Mguu umemvimba. Maradhi gani haya?

Baba yako, Jecha


Dar es Salaam, 15 Machi 1971

Baba, shikamoo.

Mie sijambo, ila chakula cha bweni hakina nazi. Kifua hicho kunywa tangawizi.

Nimemuuliza mwalimu wangu, kacheka. Kasema mazoezi ni dawa, tangu lini yakalevya? Vitabuni sijaona kitu. Wakimbiaji wa hapa nimewauliza wanne, kila mmoja kasema anakimbia kidogo tu. Mwalimu anataka hesabu ndio anisikilize. Naomba uhesabu mizunguko ya kaka kila siku, mwezi mzima. Usimzuie wala usimwambie. Ukimzuia hatutajua kiasi chake.

Mwanao, Mwanakheir


Michenzani, 20 Aprili 1971

Mwanangu,

Salamu. Tangawizi nimekunywa, kifua kile kile.

Nnahesabu kama tunavyohesabu ndoo za zege. Mzunguko mmoja, kokoto moja natoa mfuko huu natia huu. Wiki mbili alikuwa hapo hapo, kumi na mbili. Kisha akafua suruali yangu akazikuta.

"Baba, hizi za nini?"

Uongo siujui mie. "Zako."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akazirudisha mfukoni. Kesho yake kumi na tano. Sasa ishirini na sita. Akimaliza haombi maji, anauliza ngapi. Mguu anauburura.

Niache?

Baba yako, Jecha


Dar es Salaam, 2 Mei 1971

Baba, shikamoo.

Mie mzima. Acha leo hii. Zitupe. Kosa langu. Hesabu zenyewe hazifai tena, mwalimu atasema sisi ndio tuliomkimbiza, na kweli. Mpeleke hospitali. Mwambie lolote litakalomtuliza.

Mwanao, Mwanakheir


Michenzani, 19 Mei 1971

Mwanangu,

Salamu. Samahani, karatasi hii ya mfuko wa saruji.

Barua yako imekuja kaka yako keshaanguka. Mzunguko wa thelathini na moja. Mfupa umevunjika, kafungwa plasta. Kokoto nimezitia kwenye zege.

Siku tatu hali chakula, anauliza tu, "Baba, nlifika ngapi?" Wewe ulisema lolote. Nikamwambia arubaini. Arubaini si ndio mwisho? Msiba wenyewe unaisha arubaini, watu wanakunja mikeka wanakwenda zao. Akacheka. Akala, akalala. Nikamshukuru Mungu.

Leo nimerudi kutoka kazini nimekuta kitanda chake kitupu. Nyundo yangu iko chini, plasta vipande vipande. Yeye nimemkuta kwenye majumba, kashika ukuta, anaruka kwa mguu mmoja.

"Turudi nyumbani, Matar."

"Arubaini na moja, baba. Moja tu."

Nimemshika mara mbili, kanishinda nguvu. Nimekaa juu ya mchanga wetu nnakuandikia. Kapita sasa hivi. Ile moja keshaimaliza, hakusimama.

Baba yako, Jecha