Miaka Miwili Niliyompunguzia Furaha

Tausi, rafiki yangu,

Wiki hii Furaha ametimiza miaka kumi na minane. Ile ya karatasini, nawe unanielewa. Leo asubuhi alikwenda hospitali peke yake akatoa damu. Hakuulizwa sahihi ya mzazi. Aliporudi, pamba ikiwa bado imebandikwa mkononi, alipita mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo, Mwalimu," wala hakusimama.

Unakumbuka ulivyomleta shuleni? Alikuwa ameshuka kwenye mashua ufukweni Katonga na wakimbizi wenzake kutoka ng'ambo ya ziwa, hana baba wala mama, ukamchukua kwako Ujiji. Vita vilikuwa vimemla miaka ya kusoma, na umri wa kuanza darasa la kwanza ulikuwa umempita. Ukaniambia, "Mpunguzie miwili tu, Mwalimu. Kalamu yako haitavunjika." Nilikataa siku tatu. Siku ya nne ulikuja na kikapu cha dagaa. Dagaa nilikurudishia, lakini niliandika. Ni uongo pekee niliopata kuuandika katika rejista yangu.

Siku ile ulipotokwa damu hadi ukashindwa kusema, akiba ya hospitali ilikuwa imekwisha. Mimi kwa presha na uzee huu sikufaa. Furaha alipimwa, damu yake ikaoana na yako. Muuguzi akasoma cheti chake cha shule: miaka kumi na sita.

"Huyu lazima mzazi wake atie sahihi. Yuko wapi?"

Furaha akakunyooshea kidole wewe, umelala hujitambui. "Ndiye huyo. Lakini mimi nina kumi na minane, dada. Mama anajua. Muulize Mwalimu!"

Muuguzi akanigeukia. Mimi, Tausi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nikajibu, "Fuata karatasi."

Nilishika njia ya kurudi nyumbani. Nusu ya njia nikageuka ili nikaseme kweli. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kukufunika shuka.

Daktari alisema huenda chupa moja isingetosha. Alitaka kunifariji. Nimeyarudia maneno yake mpaka yamechuja, na bado sijui.

Furaha hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonichosha. Miaka miwili niliyompunguzia ameingoja yote, siku kwa siku, akinisalimu kwa adabu. Majirani bado humtania kuwa ni mtoto aliyetaka kumdanganya muuguzi.

Kesho nitakwenda kwake kwanza. Nitasema uani, majirani wakisikia, kwamba yeye alisema kweli na mimi ndiye niliyeuficha ukweli. Kisha, akiniruhusu, nitakwenda kwa mwalimu mkuu nikaandike katika rejista umri wake wa haki kwa mkono uleule, na jina langu chini yake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Ulizoea kunicheka kwamba nitawasahihisha hata malaika wa kaburini. Pumzika, Tausi. Wakikuuliza habari zangu, waambie nimechelewa kidogo. Nasahihisha kwanza kosa langu.

Wako,
Mwalimu