Nywele za Bikira ziko kwenye pipa langu la mahindi

Dada Ernestina mpendwa, mimi ni msikilizaji wako wa redio huku Quillurco, kijiji kilicho chini kabisa ya volkano, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, maana nimefanya jambo na sina wa kumwambia, hata Padri Aurelio namwogopa.

Mimi ndiye ninayemvisha sanamu ya Bikira wa kanisa letu, kazi nimeirithi kwa mama yangu, namfulia joho, namchana, na nikimbadilisha nguo wanaume wote hutoka nje, hata padri, sasa mwaka juzi nywele zake za zamani zililiwa na nondo, na huku kwetu Bikira huvaa nywele za mtu, basi Melva, mama wa ubatizo wa mwanangu Segundo, akakata zake, nyeusi tii, za kufika kiunoni, mimi zangu zinanyonyoka kila nikichana ningetoa nini, na wiki ileile mlima ukatema majivu, tukamtoa Bikira kwa maandamano, upepo ukageuka, majivu yakaenda kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto.

Dada, tangu siku hiyo ni Melva, Melva. Meya alimpandisha jukwaani akamshukuru kwa kipaza sauti, na mimi nimesimama chini na pini za Bikira mkononi, hakuna hata aliyenitupia jicho. Wanawake wakipishana naye wanamgusa kichwa. Hata mume wangu Wilfrido, huku anakula mahindi niliyochemsha mimi, ananiambia, "Lakini nywele za Melva zina baraka, mama Segundo, tuseme ukweli." Nikamwambia akalale nazo. Roho inaniuma, sili, silali, nikimwona anapita natamani kummwagia maji machafu.

Sasa mlima umeanza tena kunguruma, serikali imeleta malori, tunaambiwa tuondoke wote twende kambini, na desturi yetu ni kwamba hakuna anayetoka kijijini kabla Bikira hajatangulia, amevaa, amependeza, basi Melva akaja kanisani akaniambia mbele za watu, "Mama Segundo, zichane vizuri nywele zangu, safari ni ndefu." Eti "nywele zangu"! Nilipobaki peke yangu nikamvua Bikira zile nywele, nikazifukia kwenye pipa la mahindi jikoni, nikasema zimeibwa. Nilidhani atatoka na shela tu, Melva akose cha kuringia. Kumbe watu wanasema Bikira mwenye kipara hatolewi hadharani, ni kumdhalilisha, na kwamba wizi huo ni ishara hataki tuondoke. Wamejaa kanisani wanasali rozari, malori yako nje matupu. Melva analia, na mimi, Mungu anisamehe, kilio chake kinanipa raha. Nifanye nini nisiaibike? Tafadhali usitaje jina langu.

Mvishaji wa Bikira


Dada Ernestina anajibu:

Mama, kwanza pole, na ni pole ya kweli. Umtunze Bikira miaka yote hiyo halafu sifa zote ziende kwenye kichwa cha mwenzako, inauma, na huyo Wilfrido angekula kimya kimya. Pole yangu imeishia hapo.

Hivi una akili timamu? Wazee na watoto wachanga wamekaa chini ya mlima unaonguruma kwa sababu ya kitu ulichokifukia kwenye mahindi. Wanamwomba Bikira awape jibu, na jibu unalo wewe jikoni. Mimi sina ugomvi na sala. Tetemeko lilipobomoa nyumba yetu nilisali rozari nzima, lakini niliisali nikiwa natembea kwenda uwanjani. Na huyo meya wenu naye aone haya, kwa sababu wale wa ng'ambo walioangukiwa na majivu nao walikuwa wamemtoa Bikira wao, naye ana nywele.

Sasa sikiliza. Toa hizo nywele, zikung'ute, umkabidhi Melva mbele ya watu na useme ulizificha kwa wivu. Usiwatungie hadithi ya mwizi aliyetubu. Kisha umvishe Bikira wewe mwenyewe, maana kazi hiyo unaijua wewe, na kama nywele zimechakaa mfunge kitambaa kichwani kama mama yeyote anayetoka nyumbani kwa haraka. Mpandishe lori la kwanza. Melva utamwomba radhi vizuri njiani, mna mtoto mmoja wa kulea.

Umeniomba nisitaje jina lako, na sijalitaja. Lakini Quillurco ina mvishaji mmoja tu, na kabla ya kipindi nilimpigia simu Padri Aurelio nikamwomba afungulie redio kanisani, sauti juu. Barua yako nimeisoma yote, pamoja na pipa. Najua nimekukosea. Ukitaka kunichukia ni haki yako, ila nichukie ukiwa kambini, na watoto wote wa Quillurco wakiwa hapo.

Melva bila shaka ameshainuka na yuko njiani kuja kwako. Mfungulie mlango, na nywele ziwe tayari mkononi.