Kichwa Kilichobaki

Jumatatu, tarehe 3
Leo nimewaangusha askari watatu pale ghala la silaha! Wa nne kapiga magoti. Mkono wote unauma.

Uongo mtupu. Namdanganya nani humu? Nilikuwa chini ya kitanda na paka, na paka ndiye aliyethubutu kutoka kwanza. Vijana wetu waliovamia ghala wametimuliwa, wengine wamebaki hukohuko ghalani. Jeshi limeuzunguka mji, maji limeyafunga.

Mkono unauma kweli — kwa kunyoa. Wazo lilikuwa langu! Hawakuwa na sare, nikawaambia: nyoeni upara, mtatambuana gizani. Wote wamepita kwenye kiti changu, hadi mkwe wangu. Kichwa changu nikakibakiza. Nikasema kinyozi lazima awe na nywele, ndiyo tangazo la duka. Wakacheka, masikini.

Jumatano, tarehe 5
Mpiga mbiu wa jeshi kasimama nje ya lango. Toeni wenye vipara, tutawafungulia maji. Mkikaidi, Ijumaa tunaingia.

Mke wa mwokaji kanisimamisha njiani: "Babu wewe! Wenzio umewanyoa, wewe umejitunzia kiota!" Nikainamisha kichwa, nikaharakisha nyumbani. Mkwe kajificha darini kwangu, anakohoa kama mbuzi.

Alhamisi, tarehe 6
Binti yangu kaja, kavua kitambaa, kakaa kitini. "Ninyoe, baba. Mji mzima ukiwa kipara, watamtoa nani?" Na mimi, mtu mzima, nilikuwa nawaza kumbandika mumewe nywele kwa gundi na mkia wa punda!

Nimenyoa tangu asubuhi. Mwokaji, mkewe, dada yangu mkubwa. Sabuni imekwisha, nanyoa kikavu. Mwalimu mkuu kaangua kilio — mvi zake namtilia rangi miaka yote, leo zimeanguka sakafuni watu wakaiona mizizi yake myeupe. Kila anayeinuka ananitazama utosini, halafu anasema asante. Heri wangenitukana.

Ijumaa, tarehe 7
Lango limevunjwa. Buti nazisikia mtaa wa pili. Mpiga mbiu anapaza sauti: mwenye nywele ajitokeze, huyo ni mtu wetu, atuonyeshe waasi, atakula ashibe.

Mwenye nywele! Mji mzima ni mimi tu.

Nimejaribu mwenyewe kwa kioo na wembe. Nimejikata mara mbili, nywele ziko palepale. Wembe unateleza — au nauteleza mimi? Tumbo linaniambia toka nje. Darini kikohozi kimekoma. Mkwe anasikiliza nitafanya nini.

Namwita shemeji, mume wa dada yangu, hapo jirani juu ya ukuta, kalamu bado mkononi. Shemeji! Siku ya harusi yako ulikuja umelewa chakari, nikakunyoa ukiyumba, lile kovu la kisogoni nikalifunika, na dada yangu sijamwambia mpaka leo. Hiyo unanidai wewe? Nakudai mimi! Ruka ukuta uje uninyoe. Usianze nyuma kwa kuniremba. Anza mbele, hapa juu ya paji, nisiweze tena kujitokeza kama mtu wao —