Abiria Wangu wa Miezi Mitatu

Nyumba ile ile, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unalala na mto chini ya magoti. Natumaini sasa unalala kama watu wengine. Sisi huku wazima. Mapacha wangu wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wote wawili, basi ukikaa nao mezani unarushiwa mate kila wanaposema "samahani". Baba yao hajambo, bado anakoroma.

Kazi ni ile ile ya kukata vitambaa kiwandani, sare za shule na za wauguzi. Kilichobadilika ni njia. Tangu kiwanda kihamie upande wa pili wa mji, naenda na gari kila siku. Najua utasema nimeanza makuu. Ungeliona! Watoto wameliita Mzee Kikohozi, maana haliwaki mpaka likohoe mara tatu, na hadi juzijuzi kioo cha dirisha langu kilikuwa kikishuka hakipandi mpaka ukivute kwa mikono miwili.

Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo. Nikichelewa dakika kumi kutoka, nimechelewa saa nzima kufika. Kutoka kwetu hadi kituo cha mafuta ni dakika tano. Kutoka hapo hadi darajani, mwendo ambao mtu angetembea huku anamenya chungwa, ni dakika hamsini. Klachi, gia ya kwanza, breki. Klachi, gia ya kwanza, breki. Mguu wangu wa kushoto sasa ni mnene kuliko wa kulia, sikutanii. Halafu anakuja mmoja na gari linalong'aa, anapita juu ya njia ya waendao kwa miguu, kisha anataka kujipenyeza mbele yangu huku anatazama juu kama haoni mtu. Zamani nilikuwa nawapisha. Siku hizi hata yule trafiki wa darajani ananijua kwa honi. Na kiwandani ukichelewa mara tatu kwa mwezi unapewa barua ya onyo. Mimi ninazo mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha niandike, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kwa miezi mitatu nimekuwa nampa lifti Fundi. Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa mumeo. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa shangazi.

Ilianza mwezi wa kumi na mbili. Mvua inanyesha, foleni haisogei, nikamwona kituoni amesimama na gongo kwapani. Alikuwa amepasuliwa goti, pikipiki hawezi kupanda, na kazini wanamtaka. Fundi wa lifti za maghorofa amekosa lifti ya barabarani. Nilijifanya simwoni. Lakini Dada, kwenye foleni huwezi kumpita mtu. Tuliangaliana kupitia kioo dakika nne nzima, mimi nachezea redio ambayo iliharibika mwaka juzi. Mwishowe aibu ikanishinda, nikamfungulia mlango.

Wiki za kwanza hatukuvuka salamu. Anapanda, "Habari za asubuhi, shemeji," anafunga mkanda, anatazama mbele. Bado ananiita shemeji, na mimi sikumkataza. Taratibu akaanza kunichungulia upande wake: "Ingia, nafasi ipo. Ngoja, huyu hajui anakokwenda." Siku moja akaja na bisibisi akakitengeneza kile kioo tukiwa tumesimama, kabla taa haijatuita.

Kisha ikaja Alhamisi ya wiki tatu zilizopita. Saa tatu asubuhi nilikuwa na usaili wa cheo cha msimamizi wa chumba cha kukatia. Miaka tisa nimekingoja. Blauzi nimeipiga pasi usiku, naendesha nimejinyoosha isikunjamane. Saa moja kasoro, lori la mabomba likapinduka darajani, mabomba yakatawanyika barabara nzima. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Saa mbili nikampigia meneja kumweleza. Saa nne nikampigia tena, chaji imebaki kidogo.

"Kila mtu ana foleni, mama," akanijibu. "Masaa yote hayo barabarani? Si ungekuja hata kwa miguu!"

Simu ikazima. Nikabaki nimeishika tu, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayajua. Yalikuwa yangu.

Unaikumbuka siku ile hospitalini, ulipompoteza mtoto. Fundi alifika jioni, kila kitu kimekwisha, akasema barabara ilifungwa. Mimi ndiye niliyemzuia kwenye korido. "Masaa matano barabarani? Si ungekuja hata kwa miguu!" Nikamwita mwongo mbele za watu. Halafu nikaingia nikakuambia wewe kitandani, nikamwambia Mama, nikamwambia kila aliyekuja kukupa pole.

Nikamuuliza Fundi pale pembeni yangu, bila kumtazama, "Siku ile barabara ilifungwa kweli?"

"Ilifungwa."

"Kwa nini hukushuka ukatembea?"

"Nilitembea, shemeji. Niliacha gari la kampuni pale pale kwenye foleni nikatembea. Hukuona nilivyojaa matope?"

Niliyaona, Dada. Yalimfika magotini. Nilimwambia Mama kwamba ametoka kulewa akaanguka mtaroni.

"Mbona hukusema?"

"Wewe unalia, mwenzangu amelala pale hatazami mtu. Nianze kueleza habari za gari?"

Nililia mpaka mwanamke mmoja wa gari la jirani akanipa karatasi za kujifutia dirishani. Nikamwambia Fundi, "Nisamehe, shemeji. Nilikuita mwongo." Alitazama mbele muda mrefu, mpaka magari yakaanza kusogea, na ilikuwa karibu saa sita mchana.

"Endesha," akasema. "Wenzako wanapiga honi."

Hatukulizungumza tena. Cheo amekipata mwingine, binti mpole, sina neno naye. Goti la Fundi limepona, na tangu Jumatatu amerudi kwenye pikipiki yake. Siku ya mwisho aliuliza jambo moja tu kukuhusu, kama huko uliko kuna baridi. Nikamwambia ipo. Akasema, "Hakuwa anapenda baridi," akashuka.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama nikamweleza yote, hata lile la ulevi nililolitunga. Aliacha kukunja nguo akaniangalia mpaka nikatamani anipige. Kisha akasema, "Nipe namba yake." Sijui wamezungumza nini. Hajaniambia, na sina uso wa kumuuliza.

Sikuandikii ili umrudie. Najua mlikuwa na mengine, mlinuniana muda mrefu kabla ya siku ile. Maisha yako huko ni yako. Lakini miaka sita umeamini kwamba ulipokuwa unampoteza mtoto wenu, baba yake hakujali kuja. Hilo nililiweka mimi moyoni mwako, na si kweli. Alikuwa njiani, anatembea.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Nipigie unigombeze kadiri unavyotaka. Kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu nimesimama pale pale, niko peke yangu, na siwezi kukimbia.

Nisalimie rafiki yako mnayekaa naye chumba kimoja, na yule bibi wa chini anayekuwekea barua zako. Mama anakusalimu, shangazi pia, na mapacha wanasema wanakutumia yale meno, nimewakataza. Mungu akuondolee maumivu ya mgongo na yale niliyokuongezea mimi.

Mdogo wako anayekupenda, na leo anakuogopa,

Kifaranga