Tulivyomtafutia Chiriku Shule

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko ugenini? Kifua kinakuachia upumue, au baridi bado inakubana? Vaa sweta, usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima. Goti linamsumbua mama akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi aligombana na muuza maziwa na akashinda. Mimi nipo palepale mahakamani, nachapa maneno ya watu wanaoapa kusema kweli. Mkeo mzima. Mwanao Chiriku naye mzima, na barua hii inamhusu yeye.

Najua upande wa binamu yetu Bwana Tai umeshausikia, maana yule kumpa neno alitunze ni kuteka maji kwa pakacha. Bila shaka amekwambia kwamba tumemwaibisha mbele ya watu wake, tukaitupa nafasi aliyomtafutia Chiriku katika ile shule ya bweni. Sasa sikia na upande wetu.

Shule ya zamani ilipotaka Chiriku arudie darasa kwa mara nyingine, mkeo alikataa kupokea habari hiyo hivihivi. Akampeleka hospitali. Macho mazima, masikio mazima. Daktari akatuelekeza kwa mama mmoja mtaalamu wa watoto wanaopata taabu ya kusoma. Mama yule akakaa na mtoto asubuhi nzima, kisha akatuambia kwamba akili ya binti ni kali kuliko umri wake, ila herufi kichwani mwake hazishikiki kama kwa wengine. Si uvivu, si ujinga, na si pepo wa kupungwa kwa fimbo. Palipoandikwa “baba” yeye husoma “dada”, hivyo katika madaftari yake wewe umekuwa dada yetu kwa muda mrefu. Anachohitaji ni mwalimu anayejua kumfundisha polepole, kwa njia nyingine. Basi, hakuna zaidi. Ungedhani ni jambo jepesi, katika mji ambao shule za kulipia zimeota kama uyoga.

Tulianza na ile yenye chemchemi ya maji getini. Ukumbini kuna makochi ya ngozi, kabati la vioo lililojaa vikombe, na samaki wa rangi ndani ya tangi. Samaki wale ndio viumbe pekee mle ndani walioonekana kufikiri. Mkuu wa shule alitupokea kwa manukato yaliyomtangulia hatua kadhaa, akatwambia kwamba kwao kila mtoto ni nyota. Alilisema neno hilo mara nyingi hata Chiriku akamwita Mama Nyota tangu hapo.

Mkeo akamweleza shida ya mtoto, kwa upole kama kawaida yake. Hujapata kuona uso ukifungwa kama duka saa ya kufunga. Nyota zote zikazima. Akaanza kutueleza habari za wastani wa mitihani, na wazazi wengine watasemaje, kisha akauliza kwa sauti ya msibani kama tumefikiria kumpeleka mtoto akajifunze ufundi. Mtoto ana miaka tisa. Nikamwuliza ufundi gani. Akasema ushonaji, kwa mfano. Kana kwamba cherehani haihitaji akili. Tulipoondoka alitupa kalenda ya shule, yenye picha yake mwenyewe kila mwezi. Mama anaifungia vitunguu.

Ya pili ilijinadi kuwa ni ya watoto wenye mahitaji maalumu, nasi tukajiambia hapa ndipo. Mwenye shule anaitwa Daktari. Daktari wa nini, hakuna aliyesema, hata yeye. Alituonyesha kisanduku chenye taa na spika za kuvaa masikioni, akadai kinaamsha ubongo uliolala, na kwamba muhula mmoja tu mtoto atakuwa anasoma magazeti. Mdogo wangu, nimekaa mahakamani vya kutosha. Mtu anayesema kweli hukwamakwama mahali. Yule alitiririka kama bomba lililopasuka.

Nikaomba kuona darasa. Hakupenda, lakini alitupeleka. Ni chumba cha nyuma, jirani na stoo ya mafagio. Watoto wa kila aina wamewekwa pamoja kama viatu vilivyokosa wenzake: asiyesikia, asiyetulia, anayejifunza taratibu, na wawili ambao sikuona wana nini isipokuwa wazazi wenye haraka. Wote wanatunga shanga. Mwalimu yuko kwenye simu yake, na akikumbuka anapaza sauti. Chiriku akaenda kukaa karibu na yule binti asiyesikia, na kabla hatujamaliza kumsikiliza Daktari, wale wawili walikuwa wakicheka kwa vidole na nyusi.

Kisha Chiriku akatugeukia, akauliza kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: “Shangazi, huyu hasikii. Mbona mwalimu anampigia kelele?”

Daktari akajibu kwamba hiyo ni sehemu ya tiba. Tukatoka. Mpaka leo Chiriku anamwulizia yule binti. Hasira yangu kwa Mama Nyota ni ya kucheka. Kwa huyu tapeli sicheki.

Ndipo tukaja kwenye shule yako. Naiita yako kwa sababu wewe na Bwana Tai mlikwisha kuichagua, nawe ulimwandikia mkeo kwamba bweni litamnyoosha. Mtoto si waya, lakini tulikwenda, ili usije ukasema hatukukusikiliza. Bwana Tai alitungoja kwenye ngazi na tai yake ya mjumbe wa bodi, amevimba kama aliijenga shule kwa mikono yake. Kila aliyepita alimsalimia kwa kuinama, naye akawa anatuangalia kama tumeona.

Mkuu wa shule ni mwanamume mrefu mwenye viatu vinavyolia. Tulimweleza yote aliyosema mtaalamu. Akayasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akasema kwake hakuna magonjwa hayo ya kisasa. Akamshika Chiriku mkono, akampeleka darasani, sisi nyuma kama mabibi harusi wasio na bwana. Akamsimamisha mbele ya watoto asiowajua, akamkabidhi kitabu, akamnyooshea sentensi. Niliiona kwa macho yangu: “Baba alibeba debe bovu la dada.” Hata ungetafuta mtego wa kumtegea mtoto huyu usingepata bora zaidi.

Alijaribu. Akaanza, akarudi, akaanza tena. Nyuma mmoja akacheka, kisha darasa zima, na mwalimu wa darasa naye akatazama dirishani akitabasamu. Bwana Tai alicheka pia, mdogo wangu, damu yetu ile, amesimama mlangoni na mikono mfukoni. Mkuu akangoja kicheko kiishe, akasema mbele ya wote kwamba uvivu wa namna hii una dawa na dawa wanayo.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, nawe unaujua mdomo wangu. Lakini aliyetembea ni mkeo. Yule ambaye wewe humwambia asiulize-ulize maswali, yule ambaye hata muuza nyanya humpunja naye akashukuru. Alikwenda mbele taratibu, akakitoa kitabu mikononi mwa mwanawe, akakifunga, akamrudishia mwenye nacho.

“Nimekuja kutafuta mwalimu,” akamwambia. “Naona hapa hayupo.”

Akamshika mtoto mkono wakatoka. Hakuna aliyecheka tena. Bwana Tai alitufuata hadi getini akililia jina lake, bodi yake, heshima yake. Nilimwambia heshima anayoililia ameiacha mlangoni mwa darasa, arudi akaiokote. Hiyo ndiyo aibu aliyokusimulia. Ukitaka kumwonea huruma, mwonee. Mimi yangu imekwisha.

Shule aliko sasa tulielekezwa na yule mtaalamu. Usitarajie nikusifie majengo. Ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, sebule ni darasa, na chumba cha kulala ni darasa. Rangi imebanduka, na mwenye shule ana kaulimbiu zake za kuchosha kama wenzake wote. Nilimkata katikati ya ile ya tatu. Vyoo nilivikagua, ni visafi. Mwalimu mwenyewe ni kijana asiye na adabu za ofisini, alitupokea huku anamalizia ndizi. Hakutuuliza sisi kitu. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Chiriku, akamwuliza kusoma kunamsumbuaje.

“Herufi hazitulii,” mtoto akasema.

“Zote, au baadhi?”

Chiriku akafikiri, kisha akaanza kumtajia moja moja, ipi inageuka na ipi inaruka. Walizungumza hivyo kama mafundi wawili juu ya injini moja. Kote tulikopita hakuna aliyemwuliza. Hata mimi, shangazi mtu, sikuwahi kumwuliza.

Baadaye kijana yule akatuambia bila kupaka sukari kwamba haahidi kitu. Mtoto mmoja wa namna hii alimfundisha akafika, mwingine alimshinda. Huyu huenda akasoma polepole maisha yake yote. Atamfundisha kwa kushika, kuchora na kusikia, na mitihani mingine atamwuliza kwa mdomo. Alikwamakwama mara mbili akisema hayo. Mkeo akanitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo tulipomwandikisha.

Usidhani amegeuka msomi. Juzi alisoma kibao cha kinyozi kizima, akashangilia, halafu cha jirani kikamshinda akanuna mpaka nyumbani. Lakini yale maumivu ya tumbo ya kila asubuhi ya shule yamekwisha, na mama yake sasa hamfukuzi tena kutoka kitandani.

Jambo moja nimelichelewesha, kwa sababu nilitaka kulisema hasira zikiwa zimepoa. Siku tuliyotoka kwa Bwana Tai, Chiriku, ambaye hanyamazi hata usingizini, alitembea nyuma yetu njia nzima. Tulipofika mlangoni akaniuliza kama baba yake anajua kwamba yeye hajui kusoma. Nikasema anajua.

“Ndiyo maana hapigi simu?” akaniuliza.

Nimeandika majibu ya watu wengi katika kazi yangu, ya wezi na ya waungwana. Hilo sikulijibu. Si langu. Mpigie, na ukimpigia usimwulize habari ya darasa wala nafasi. Zungumza naye tu, atakuchosha mwenyewe.

Mama anakusalimu, anasema usile ovyo. Mjomba fundi saa anakusalimu, na wale mapacha wa dada wa katikati wanauliza umewawekea nini. Mkeo anakusalimu pia; ana barua yake, atakuandikia akiwa tayari. Nisalimie rafiki yako mnayekaa naye chumba kimoja. Mungu akulinde njiani na kazini, na akulainishie moyo pale ulipokauka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukusema kwa pumzi moja.