Aliyevaa Koti la Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba hata kabla ya kuvaa miwani. Goti linaendeleaje? Na maharage ya kule juu, mvua imeyaacha salama au yameoza tena kama msimu uliopita? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia, na ndiyo maana nakuandikia karatasi badala ya kupiga simu. Simu yako ni ya nyumba nzima. Ukipokea tu, mdogo wangu Yohana anaweka sauti kubwa na majirani wanachangia hoja. Barua hii anakuletea dada mmoja wa Morogoro anayekuja nyumbani likizo. Isome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani asikie.

Huku Poland baridi imeingia mapema na jua likionekana ni la kuazima. Lakini si baridi inayonisumbua. Nimekaa mezani nikainuka sijui mara ngapi tangu nianze barua hii. Nachemsha chai nasahau kuinywa. Bibi anayeishi ghorofa ya chini amepanda kuniuliza kama nimefuga mbuzi, maana anasikia kwato juu ya kichwa chake kutwa nzima. Nikamwambia ni mimi tu, natembea nikifikiri. Akasema kwao watu hufikiri wakiwa wamekaa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Unajua kazi yangu ni kutengeneza magemu, haya yanayomfanya Yohana achelewe kuchota maji. Sasa kampuni yetu ndogo imeamua kutengeneza gemu la kutisha. Usishike kichwa, Mama. Huku watu wanalipa ili waogope, kama sisi tunavyokula pilipili huku machozi yanatutoka, na bado tunaongeza. Mkuu wetu, mama mmoja anaitwa Halina, alituita wote chumba kimoja akasema kila mtu atoe mawazo, ya maana na ya kijinga, mpaka tupate moja. Mwenye wazo litakalochaguliwa ndiye ataongoza kazi. Halafu akanitazama mimi na mwenzangu Linh, msichana wa Vietnam, akasema mikataba yetu inakaribia kwisha, kwa hiyo tusikae kimya kwa adabu.

Sikukaa kimya. Nilianza na mashamba ya miwa ya Ruaha, kule kwa mjomba: umeingia katikati, miwa imekupita kimo, hujui ulikotokea, na upande mmoja wameshawasha moto. Wakasema wazo ni zuri, lakini kuna magemu mengi ya mtu kupotea kwenye mahindi. Nikaleta tembo wa Mikumi wanaosimama barabarani basi likiwa limejaa watu. Hapo wakaanza kutazama picha kwenye simu na kuulizana nauli ya ndege. Hakuna aliyeogopa hata kidogo. Ndipo Marek, mchoraji wetu, akaniuliza, "Kwenu hakuna wachawi? Bibi kizee, anaishi peke yake, macho mekundu?" Wote wakanigeukia kama vile nimeficha nyama.

Nikamwambia macho ya bibi yangu mzaa baba yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, maisha yake yote alipika kwa kuni. Na kwamba nchini kwetu kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho kama hayo, na gemu hilo mimi sitalitengeneza. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Chumba kikanuna. Marek akaomba radhi, naye si mtu mbaya, lakini hewa ilikuwa imeshaharibika.

Basi nikataka kuwachekesha. Hilo ndilo kosa langu, Mama, na nadhani ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Nikawasimulia matanga ya Baba, na jinsi Mzee Lameki alivyokuja.

Niliwaeleza kama tunavyosimuliana jikoni. Kwamba alifika na basi la mchana kutoka Mikumi, mikono bado ina grisi ya gereji, hakumsalimu mtu, akapita moja kwa moja hadi chumbani. Akatoka amevaa koti la Baba na viatu vya Baba, akichechemea mguu wa kushoto, akisafisha koo vilevile. Akakiendea kiti kilichokuwa karibu na mwinjilisti, akakigonga kwa vidole, akakiuliza, "Utanibeba?" kama Baba alivyokuwa akiuliza kila kiti ambacho hakukichonga yeye. Akakaa. Akakutazama pale mkekani akasema, "Mama Tabitha, nimelala kidogo tu umeshajaza nyumba watu? Chai yangu iko wapi?" Nawe ambaye hukuwa umekula wala kusema tangu tumtoe hospitali, ukacheka hadi kanga ikakudondoka begani. Baada ya hapo ukaomba uji. Nikamalizia na ile ya kaburini, alivyoshuka mle ndani akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na mwinjilisti amesimama juu na Biblia yake anasubiri.

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Linh alikuwa ameweka kikombe chini. Marek akauliza polepole, "Na hakuna mtu aliyemzuia?" Halina akasema, "Hilo. Hilo ndilo gemu letu."

Nilikuwa nimesahau kuwaambia kwamba Mzee Lameki ni mtani wetu, na mtani ni nini. Ningewaambiaje, Mama? Ni kama kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha. Nilipojaribu kueleza baadaye, kwamba kuna watu ambao ukoo na ukoo wana ruhusa ya kutukanana, kuchukuliana vitu na kuuchezea hata msiba, na huruhusiwi kukasirika, waliitikia kwa vichwa kwa heshima na kuendelea kuandika. Wazo likawa hivi: binti anarudi kumzika baba yake, anakuta mtu amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, na hakuna anayeshangaa isipokuwa yeye. Kila mara binti akilia, yule mtu anamsogelea. Sitakudanganya, nilifurahi. Ni wazo zuri, na kazi hii naijua. Nilipewa pongezi, na Halina akaanza kuzungumzia mkataba mpya.

Halafu Marek akachora. Alibandika picha ukutani: koti la Baba lenyewe, mpaka kile kiraka cha bluu ulichoshona kwenye kiwiko, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia. Mahali pa uso akaacha shimo jeusi. Kila anayepita anasifia. Tangu siku hiyo, nikifumba macho nimkumbuke Baba, anakuja yule wa ukutani. Namtafuta Baba yangu nakuta kazi ya Marek. Hata sauti yake akikigonga kiti sasa inanitia baridi. Naogopa, Mama. Nimempoteza mara moja, sikujua mtu anaweza kumpoteza mzazi mara ya pili akiwa kazini, huku anapigiwa makofi.

Jumapili nikampigia Mzee Lameki. Nikamwamkia shikamoo. Akajibu, "Marahaba. Kumbe baridi haijakuua? Mimi nilishanoa meno kwa ubwabwa wa msiba wako." Nikamweleza yote. Alicheka mpaka nikasikia vijana wa gereji wanamuuliza kuna nini. "Mimi ndiye zimwi la Wazungu? Waambie jogoo wangu awe mkubwa, na awe wa kienyeji." Halafu akauliza, "Sasa humo ndani ya koti mmemweka nani?"

Nikasema hakuna mtu. Kuna shimo.

Nikamsikia akiwaambia vijana wa gereji wasogee. "Humo ndani nilikuwemo mimi, we mtoto," akasema. "Koti lilikuwa bado lina jasho lake. Baba yako alikuwa mwenzangu kuliko hata hawa tuliozaliwa tumbo moja. Nikajua nikilia nikiwa mle ndani, mama yako naye tumemzika. Basi nikamaliza kazi, nikaenda nyuma ya choo."

"Kufanya nini, Mzee?"

"Wewe ulitaka nifanye nini? Mtani halii mbele ya wafiwa."

Mama, mimi nilikuwa nikimwona Mzee Lameki kama mtu anayependa vurugu na jogoo wa bure. Nilikaa chini siku hiyo, nikakaa kwelikweli, nikaandika upya kila kitu. Kesho yake nikampelekea Halina. Nikamwambia mchezaji hatakuwa binti. Mchezaji ndiye mtani. Umekabidhiwa koti la rafiki yako aliyekufa, unaingia nyumba ya msiba, mjane hali wala hasemi, na ni wewe tu unayeweza kumrudisha. Utembee kama marehemu, ukohoe kama yeye, ukae kwenye kiti chake. Ukilia, umeharibu yote. Na kadiri unavyolivaa ndivyo usivyojua tena kama mguu unachechemea kwa sababu umeamua, au koti limeamua. Halina alisoma, akarudia. Marek akainuka, akabandua picha yake mwenyewe ukutani, akasema sasa anataka kuchora mikono tu, mikono yenye grisi inayotoka kwenye koti la mtu mwingine. Wakakubali. Nitaongoza mimi.

Ungedhani sasa nimetulia. Bado. Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge, na imebaki sehemu moja nimeshindwa. Mwishoni mtani anasimama mbele ya mjane, mjane anainua macho na kucheka. Halina anauliza, anamwona nani? Akimwona mume wake, kicheko ni cha namna moja. Akimwona mtani amevaa nguo za mume wake, ni cha namna nyingine kabisa. Kila mtu ana maoni yake, wakataka kupiga kura. Nikasema hii haipigiwi kura, kuna mtu mmoja tu anayejua, naye yuko nyumbani Berega.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo sikuwahi kukuuliza, na unisamehe kama napita mpaka. Siku ile ulipocheka, ulimwona nani? Na kama hutaki kicheko chako kiingie kwenye mambo haya, sema. Ni chako na Baba. Nitaliondoa gemu lote, mkataba uende na maji, nami nitapanga mizigo nirudi bila kinyongo. Nafasi ya kusema ipo mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo kazi inaanza na hairudi nyuma.

Nisalimie Yohana, mwambie namtaka shuleni, si kwenye simu. Shangazi wa Lumuma mpe pole ya vitunguu kushuka bei. Mjomba wa Ruaha mwambie miwa yake imekataliwa Ulaya. Mwinjilisti naye shikamoo nyingi, na samahani kwa kumsimamisha tena juu ya kaburi mbele ya wageni.

Ukiona uzito kunijibu, mpe neno lako Mzee Lameki aniletee. Kama ni hapana, atalifungia kwenye matusi, nami nitakuwa nimeshacheka kabla halijaniuma. Lakini kama ni Baba uliyemwona, usimtume mtu. Nipigie wewe.

Mwanao akupendaye,
Tabitha