Paneli zetu zimekwama kutazama mashariki

Muhumba, Bukavu
Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024

Mpendwa Papa mukubwa Ulrich,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na mama mukubwa Sophie. Mgongo wako unaendeleaje? Papa alituambia kwamba baridi ya Namur imeanza kukusumbua tena. Sisi tuko na afya. Koko Séraphine anakohoa kidogo kwa sababu ya uzee na mvua, lakini misa ya asubuhi haikosi.

Barua hii inaletwa na maman Marcelline wa parokia yetu, anayekuja huko kumwona binti yake. Katika kundi la familia kwenye simu kila mtu anakupigia makofi, na mimi nikitaka kusema kitu kingine vidole vinagoma. Niruhusu niseme hapa: nina hasira.

Tulipotaka kuweka paneli za jua nyuma ya nyumba, papa alipendekeza kiunzi cha chuma kisichotembea, kilichoinama kidogo upande wa kaskazini. Wewe ukasema hicho ni kitu cha zamani, ukatuma chenye mota, kinachofuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Sitaki kukudanganya, kiangazi chote kiligeuka vizuri na betri zilijaa mapema.

Halafu mvua ikaja. Udongo wa mteremko wetu ukasogea, nguzo ikainama, mota ikakwama. Tangu hapo paneli zinatazama mashariki tu. Mchana ukipita, jua linakuwa mgongoni mwake, na betri zinalala njaa. Jirani yetu Willy akipita anatucheka: "Ba voisin, paneli yenu ililala na shingo mubaya?"

Nilikwenda kusoma katika maktaba ya shule. Hapa tuko karibu na ikweta, jua linapita karibu juu ya kichwa. Na miezi ya mvua mawingu yanatawanya mwanga pande zote, mota haina cha kufuata. Papa alisema kweli.

Lakini mota siyo inayonikasirisha. Guy, soudeur anayechomelea vyuma hapa chini, alikuja kuangalia. Alisema anaweza kunyoosha nguzo na kukaza kiunzi kitazame juu, kazi ya asubuhi moja. Papa akakataa, akikutaja wewe kaka yake: "Kitu ya yaya haiguswe kama yeye mwenyewe hajasema."

Guy akacheka: "Yaya iko Ulaya, muzee. Jua iko hapa."

Papa akamsindikiza hadi barabarani. Na ruhusa hajakuomba, kwa sababu anaona aibu kukuambia kwamba zawadi yako imeharibika. Katika kundi bado anaandika kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, na wewe unajibu kwamba ulijua.

Wakati huohuo mashine ya maman ya kuangulia mayai inakosa umeme usiku. Wiki iliyopita alipasua mayai juu ya meza, moja baada ya lingine. Vifaranga walikuwa wamekwisha kuota manyoya, wamefia ndani. Maman hakumlaumu mtu. Alifuta meza. Mayai mengine yanafika mwisho wa mwezi, na amesema kama haya nayo yakifa, ataacha kazi hiyo. Ndiyo inayotusomesha, mimi na David.

Papa mukubwa, paneli hizi ulitupa au ulituazima?

Usitume mota nyingine. Mpigie papa simu. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie tu kwamba umewaza juu ya mvua za huku, kwamba kiunzi ni chake, akikaze anavyotaka. Kwako ni maneno machache, kwake ni mikono kufunguliwa. Ukinyamaza hadi mayai yafike, nitamwita Guy mimi mwenyewe papa akiwa kazini, na hasira yake nitaibeba.

Nisalimie mama mukubwa Sophie na dada Gisèle. Koko na maman wanakusalimia, na David pia. Mungu akupunguzie maumivu ya mgongo na ailinde nyumba yako.

Mtoto wako, anayekupenda hata leo akiwa amekukasirikia,

Colombe